Jiandalie kifo ukiwa mzima: hatua kwa hatua, kwa wenye kwao Nyanza na Magharibi

Tangu Oktoba 2025 maswali yameongezeka. Raila Odinga alifariki India tarehe 15, na kufikia tarehe 19 alikuwa ameshazikwa Bondo. Familia ilieleza kwamba aliacha agizo azikwe ndani ya saa 72. Watu waliozoea mwili kulala mochari wiki mbili tatu huku kamati ikichangisha walishangaa, kisha wakaanza kuuliza. Kumbe mtu anaweza kuagiza? Agizo lenyewe linaandikwa wapi? Lazima wakili? Na mzee wangu ambaye hataki hata kulisikia neno wosia, nimwanze vipi?

Nimeshika daftari la kamati za mazishi hapa Kisumu muda wa kutosha kujua ugomvi utazuka wapi kabla hema halijasimamishwa. Huzuka pale marehemu aliponyamaza: azikwe wapi, shamba ni la nani, na nani mwenye kauli ya mwisho.

Shika jambo moja kabla ya kuendelea. Kwa sheria ya Kenya, mali na mwili haviendi njia moja. Mali hufuata karatasi. Mwili hauna mwenyewe, na ulichoandika kuhusu kaburi lako mahakama hukisikiliza lakini haifungwi nacho. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuandika, na kusema mbele ya watu. Wengi hufanya moja na kudhani wamemaliza.

Utakavyohitaji

- Faili moja ngumu, na daftari la kawaida.
- Nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa kama kipo, hatimiliki, kitabu cha gari au pikipiki.
- Watu wazima wawili ambao hawatarithi chochote kwako, wala waume au wake zao.
- Mtu mmoja asiye na papara, atakayejua faili liko wapi. Si lazima awe mkubwa wa ukoo. Nimeona shemeji akiifanya kazi hii vizuri kuliko kaka watano.

Hatua ya 1: Andika ulicho nacho na unachodaiwa

Gawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika mali na mahali ilipo: namba ya shamba kama ilivyo kwenye hatimiliki, benki na tawi, Sacco, chama na zamu yako ya kupokea, NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), pensheni, bima, laini zote za simu na ile yenye M-PESA. Usisahau ng'ombe uliyempa rafiki akufugie. Huyo ndiye hupotea kwanza.

Upande wa pili andika madeni, unayodai na unayodaiwa, pamoja na mikopo ya simu. Katika boma nyingi za huku, siku chache baada ya mazishi wazee huketi na kuuliza nani alikuwa akimdai marehemu. Bila orodha yako, kila atakayesimama ataaminiwa, na watakaolipa ni wanao.

Usiandike namba za siri za benki wala M-PESA humu. Namba ya kufungulia simu ni jambo jingine. Mwambie mwenzi wako au mtoto mmoja, maana siku hizi nusu ya ushahidi wa maisha ya mtu umo kwenye simu.

Hatua ya 2: Linganisha majina

Hatua hii inachosha na haina heshima yoyote, lakini ndiyo huchelewesha mirathi kuliko kesi. Kitambulisho kinasema Wafula Simiyu, hatimiliki inasema Simiyu Wafula, cheti cha mtoto kinasema Wafula S. Nyumbani kila mtu anajua ni mtu mmoja. Karani wa benki hajui.

Panga stakabadhi zote mezani na uzisome jina kwa jina. Zinapotofautiana, rekebisha sasa ukiwa hai wa kusimama mwenyewe ofisini. Kidogo kabisa, kula kiapo cha maandishi mbele ya wakili au mahakamani kwamba majina hayo yote ni yako, na ukiweke kiapo hicho kwenye faili.

Hatua ya 3: Badilisha majina ya warithi kwenye fomu

Nenda Sacco, kwenye chama, kwenye mfuko wa pensheni na kwa kampuni ya bima, uulize swali moja: nimeandika nani? Watu wana mke na watoto wanne, ilhali fomu waliyojaza walipoajiriwa bado ina jina la mama aliyekwisha kufa. Pesa za Sacco zenye mteuliwa kwa kawaida hulipwa bila kusubiri mirathi. Hizo ndizo hulipa karo miezi ile benki imefunga akaunti.

Ukiwa huko, uliza pia kama wana pesa za mazishi. NSSF hutoa Sh10,000 kwa ajili ya mazishi ya mwanachama anayechangia, na wengi hawaziendei kwa kutojua. Hakikisha vilevile kwamba SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ina majina ya wategemezi wako na ada imelipwa. Kujisajili peke yake hakulipi bili, na bili ya hospitali ndiyo hula pesa za jeneza.

Hatua ya 4: Andika wosia

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haikulazimishi kwenda kwa wakili, wala wosia hauhitaji muhuri. Inataka uwe mtu mzima mwenye akili timamu, uandike, utie sahihi au alama ya kidole, na watu wasiopungua wawili wakushuhudie ukitia sahihi kisha watie zao. Si lazima wasome kilichomo. Ukiwa na mali nyingi, nyumba mbili au tatu za wake, au biashara ya ubia, lipia wakili tu.

Mfano wa kuanzia ni huu:

*Mimi ______, kitambulisho namba ______, wa kijiji cha ______, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, naandika wosia huu leo tarehe ______. Nafuta wosia wowote niliouandika awali. Msimamizi wa wosia wangu ni ______. Shamba namba ______ nampa ______. Pesa zangu zilizo ______ wapewe ______. Mali yoyote ambayo sikuitaja hapa nawaachia ______. Watoto wangu walio chini ya miaka 18 walelewe na ______.*

Chini yake weka sahihi yako, halafu za mashahidi pamoja na majina kamili na namba za vitambulisho. Kila ukurasa utiwe sahihi, ili asitokee mtu wa kubadilisha wa katikati.

Hapa ndipo watu hujikwaa:

- Shahidi aliyeachiwa kitu. Akishuhudia mrithi, au mume au mke wake, zawadi yake inaanguka, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiohusika. Ndiyo maana nilisema uwatafute mapema.
- Kuoa au kuolewa baada ya kuandika. Ndoa hufuta wosia uliotangulia, isipokuwa wosia wenyewe uliandikwa ukiitazamia ndoa hiyo.
- Wosia wa mdomo. Unakubalika mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini kwa raia wa kawaida hufa usipofariki ndani ya miezi 3. "Mzee alisema 2015 chini ya mwembe" si wosia.
- Kumruka mtoto au mke. Unaweza kugawa utakavyo, lakini mtegemezi aliyeachwa mikono mitupu anaweza kuiomba mahakama impe fungu, na hupewa. Binti aliyeolewa ni mtoto kama wengine mbele ya sheria, hata kama kikao cha wazee kitanuna.
- Kuuficha mno. Wosia ulioshonewa kwenye godoro huchomwa pamoja na godoro.

Kwa Mwislamu njia ni nyingine. Mirathi hugawiwa kwa sharia, na wasia hauvuki theluthi moja ya mali. Mahakama za Kadhi zipo Kisumu na Nakuru, kaulize huko.

Hatua ya 5: Sema utazikwa wapi, na useme mbele ya watu

Wakili S.M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema atazikwa kwao. Kesi ikajaa mashahidi wakibishana marehemu alisema nini na alimwambia nani, ikafika hadi Mahakama ya Rufani, na akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, zaidi ya miezi 5 baada ya kufa. Huyo alikuwa mwanasheria. Jiulize wewe na mimi tutafanywaje.

Basi fanya hivi. Andika ukurasa mmoja peke yake, nje ya wosia, kwa sababu wosia mara nyingi husomwa baada ya mazishi. Taja mahali pa kuzikwa, dini itakayoongoza ibada, muda usiotaka kupitisha mochari, na mtu atakayeamua mkikosana. Kisha useme yaleyale kwa mdomo mbele ya mwenzi wako, ndugu yako mmoja wa ukoo na kiongozi wako wa kanisa au msikiti. Wote watatu pamoja. Ukimwambia kila mtu peke yake umepanda mbegu tatu za kesi.

Halafu ondoa vikwazo vya mila mapema, ukitaka kuzikwa nyumbani:

Kama wewe ni mwanamume mwenye ploti Nakuru lakini nyumbani huna hata kibanda, jua kwamba kwa Waluo wengi wazee watataka nyumba isimame kabla kaburi halijachimbwa. Nimeona mabati yakipigwa misumari usiku wa Alhamisi kwa ajili ya mazishi ya Jumamosi, kwa bei ya dharura. Jenga kidogo sasa, au keti na wazee mkubaliane.

Kama mahari haijaenda, ipeleke, hata kwa sehemu. Wakwe waliokaa kimya miaka ishirini hupata sauti siku binti yao yumo jenezani, na hapo bei haina mjadala. Hili hutokea kwa Waluo, Waluhya na Wakisii vilevile.

Na mama aliyetengana na mumewe, au ambaye hakuolewa, ndiye anayehitaji ukurasa huu kuliko wote. Kila upande unaweza kumkataa au kumgombania. Ikiwezekana awe na kipande cha ardhi chenye jina lake, na aseme azikwe hapo.

Anayetaka kuchomwa mwili ajue mapema kwamba huku atapingwa. Awe na mtu jasiri wa kumsemea.

Hatua ya 6: Panga pesa

Mochari hutoza kwa siku, na hesabu haisimami wikendi. Kila wiki ya kungoja ndugu wa mbali ina bei yake. Weka bajeti ya mambo matano: mochari, jeneza, usafiri, kaburi na chakula. Chakula ndicho shimo. Hema na spika unaweza kupunguza, lakini kila anayefika matanga anatarajia sahani, na usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi ndio mrefu.

Bima ya mazishi ni nzuri kwa mwenye mshahara mdogo, mradi usome muda wa kusubiri kabla haijaanza kulipa. Chama cha kufa na kuzikana kina faida nyingine ambayo bima haina: watu wake huja na sufuria zao.

Andika kwenye ukurasa wako kiwango usichotaka kipitwe. "Msiuze shamba kunizika" ni sentensi fupi iliyookoa watu. Tena kuuza shamba la marehemu kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi ni kinyume cha sheria, kwa hiyo mnunuzi naye anajitafutia matatizo.

Hatua ya 7: Waanze wazazi wako

Usiseme "Baba, ukifa". Katika nyumba nyingi za huku mtoto akitamka hivyo ataonekana anamwita mzazi kaburini, au anaingoja mali. Anza na shamba: "Mzee, nataka unionyeshe mpaka wetu na wa kina fulani kabla mimi sijazeeka." Mkitembea shambani atataja mwenyewe nani aliahidiwa nini. Ukirudi nyumbani, andika.

Akikataa, pitia kwa kaka yake au rika lake. Mzee husikiliza mzee. Kwa mama, mara nyingi yuko tayari kuliko unavyodhani, na ameshamwambia dada yako nguo atakayovikwa. Muulize dada.

Mzazi aliyezeeka sana akikubali kuandika wosia, pata siku hiyohiyo barua ya daktari inayosema akili yake ni timamu. Atakayepinga baadaye ataanzia hapo.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Akifia hospitalini, hospitali ndiyo hutoa taarifa ya kifo. Akifia nyumbani, mwite naibu chifu, yeye ndiye mwenye fomu. Kifo cha ajali au cha ghafla kisichoeleweka kinaripotiwa polisi kwanza, na mwili usiguswe. Ni lazima kibali cha mazishi kipatikane kabla ya kuzika, hata kama kaburi limo nyuma ya jikoni yenu.

Piga nakala za kitambulisho cha marehemu asubuhi ileile, kwa sababu chenyewe huchukuliwa wakati wa kusajili kifo, na nakala hizo utaziombwa kila mlango. Cheti cha kifo kiombeni mapema kupitia eCitizen au ofisi ya usajili, pamoja na nakala zilizothibitishwa. Chagueni mtu mmoja wa kupokea michango na mwingine wa kutumia. Mtu mmoja akishika vyote viwili, hata awe malaika, atasemwa.

Na kadi ya ATM ya marehemu ikae kwenye faili. Kuchezea mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai, faini ni hadi Sh10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata hati ya uwakilishi (power of attorney) aliyokupa akiwa hai, ya kumtendea mambo yake, imekufa pamoja naye.

Mambo yakikwama

*Shamba bado lina jina la babu.* Hili ndilo swali namba moja kutoka Vihiga hadi Siaya. Huwezi kumrithi baba kile ambacho hakuwa nacho kwa jina. Anzeni na mirathi ya babu: barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, cheti cha kifo, kisha ombi mahakamani. Likishatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, kuna siku 30 za pingamizi. Uthibitisho wa mgawanyo kwa kawaida huja miezi 6 baada ya usimamizi kutolewa. Chagueni wasimamizi wasiozidi wanne, na mmoja wao awe binti.

*Ameibuka mke au mtoto asiyejulikana.* Msimfukuze makaburini mbele ya kamera za simu. Mwandikeni jina na aliyemleta, mzikeni marehemu, na suala liende kwa chifu na mahakamani. Akiachwa nje ya barua ya chifu halafu athibitike, usimamizi wote unaweza kufutwa, mkaanza upya. Marehemu wa wake wengi bila wosia hugawiwa kwa nyumba, kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba na kila mke aliye hai kama kichwa kimoja zaidi.

*Hatimiliki imepotea.* Ripoti polisi, kisha ofisi ya ardhi. Tangazo hutolewa, na baada ya siku 60 bila pingamizi mpya hutolewa. Kama mwenyewe yu hai, aifanye yeye, wiki hii.

*Hospitali imekatalia mwili kwa sababu ya bili.* Mahakama zimeshasema kwamba maiti si dhamana ya deni, lakini kwenda mahakamani kunachukua siku na mochari inahesabu. Mwone kwanza afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, pelekeni sehemu ya pesa na barua ya chifu, muandike makubaliano ya kulipa polepole.

*Hatujui marehemu aliacha pesa wapi.* Pitieni simu yake, jumbe za benki na za Sacco. Kisha piga \*361# kuulizia mamlaka ya mali zisizodaiwa, ambako akaunti zilizolala hupelekwa. Tafuta kwa namba ya kitambulisho, ile uliyoipigia nakala asubuhi ya kwanza.

*Nina mume au mke tu na kiwanja kimoja.* Uliza ofisi ya ardhi kama hatimiliki yenu ni ya umiliki wa pamoja usiogawanyika. Ikiwa ndivyo, mmoja akifa jina lake hufutwa kwa kuonyesha cheti cha kifo, na kiwanja hubaki kwa mwingine bila kesi ya mirathi. Ikiwa mna mafungu, fungu la aliyekufa linarudi kwenye mirathi kama mali nyingine, kwa hiyo litajwe kwenye wosia.